Kila Ugonjwa na Wiki Yake: Masika ya Shinyanga na Geita

Mkulima wa Kishapu hahitaji kukumbushwa kwamba mvua ziko njiani. Kufikia mwisho wa Oktoba shamba limeshasafishwa, jembe limenolewa, na macho yamegeukia mawingu. Anafahamu kwamba mtama una siku zake za kupandwa, pamba ina zake, na mpunga wa majaruba husubiri mpaka udongo wa mbuga ushibe maji. Hapandi vyote asubuhi moja. Lakini mkulima huyohuyo, hodari wa kuhesabu siku za mazao, huyachukulia maradhi ya masika kuwa kitu kimoja kinachoshuka pamoja na mvua. Huyaita "homa za mvua" na kuyasubiri kama mgeni ambaye hakutoa taarifa ya siku atakayofika.

Dhana hiyo haiishii vijijini. Mara nyingi mgonjwa wa Januari huondoka kituoni na dawa ya malaria, ya taifodi na ya tumbo kwa mpigo, kwa matumaini kwamba mojawapo itagusa penyewe. Hali halisi ni kwamba maradhi haya yana ratiba. Yapo yanayofika ndani ya siku tatu baada ya mvua ya kwanza, yapo yanayohitaji wiki tano au sita, na yapo yanayoingia mwilini Desemba yakajitokeza miezi mingi baadaye. Kila ugonjwa una kipindi ambacho bado unazuilika kwa gharama ndogo, na kipindi hicho hupita kimyakimya kwa mtu asiyekijua.

Siku za kwanza: kilicholala ardhini

Shinyanga ni nchi kame. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, wakati mwingine hadi mapema Mei, na katikati kuna mapumziko mafupi ya Januari au Februari yanayowatia wakulima wasiwasi. Kwa miezi yote ya kiangazi, kinyesi cha mifugo na cha watu wasio na vyoo, pamoja na takataka za minadani, hulala juu ya ardhi vikikauka. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka nyufa wakati wa jua, ukishalowa hujifunga na kuacha kunywa maji. Basi maji hutiririka juu yake, yakaoga uchafu wa miezi sita, yakaingia katika visima vifupi na malambo. Mvua kubwa ya kwanza ndiyo chafu kuliko zote zitakazofuata.

Hapo ndipo kuhara huanza. Kipindupindu huweza kujitokeza ndani ya saa chache tangu mtu anywe maji yenye vimelea, na kwa kawaida hakizidi siku tano. Historia ya nchi inaonyesha jinsi ugonjwa huu unavyopenda miaka ya mvua nyingi. Mwaka 1997, mwaka wa El Niño, Tanzania iliripoti wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,000. Mlipuko mwingine ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea karibu mikoa yote ya Bara, na kufikia mwanzoni mwa 2018 ulikuwa umefikisha wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo takriban 550. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipopiga tena, mikoa ya Kanda ya Ziwa pamoja na Shinyanga ilijikuta ikifungua kambi za wagonjwa upya.

Tarakimu hizo zina jambo la kutia moyo. Mwaka 1997 alifariki takriban mgonjwa mmoja kati ya 18. Katika mlipuko ulioanza 2015, mmoja kati ya 60. Kipindupindu hakikupoteza ukali wake. Kwa sehemu kubwa, wagonjwa walipata maji ya kurudisha uhai mapema zaidi.

Chanzo salama kipo kwa wengi. Tangu 2009, bomba kuu linalochota maji ya Ziwa Victoria pale Ihelele, wilayani Misungwi, limekuwa likiyafikisha Shinyanga na Kahama kupitia mamlaka ya KASHWASA. Kwa mkoa uliozoea kuchimba mchanga wa mito mikavu ili kupata ndoo moja, huo ulikuwa ukombozi. Hata hivyo masika huleta kishawishi cha ajabu: dimbwi limejaa mita 50 kutoka mlangoni, maji ya kioski yanalipiwa na yako mbali, na jembe linasubiri. Familia iliyotumia maji ya bomba kiangazi kizima hurudi kwenye lambo wakati ambapo lambo ni hatari kuliko siku nyingine yoyote. Ikiwa kuna wiki za kulipia ndoo bila kunung'unika, ni hizo tatu au nne za mwanzo.

Asiye na bomba anaweza kukinga maji ya mvua kwenye bati, akiacha mvua ya mwanzo ioshe paa kwanza. Maji ya kisima yenye tope yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshwe hadi yatokote au yatiwe dawa ya klorini. Mpangilio huo usigeuzwe, kwa sababu klorini ikitiwa kwenye maji ya tope huishia kupambana na tope. Baada ya hapo, chombo kiwe na mfuniko, na maji yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu. Maji safi huchafuka mara nyingi zaidi ndani ya nyumba, kwenye ndoo iliyo wazi, kuliko njiani.

Choo nacho kina wakati wake, nao ni kabla ya mvua. Shimo lililochimbwa kwenye udongo wa mbuga hutitia au hufurika, na kilichokuwa ndani huelea hadi uani. Kuinua ukingo wa shimo kwa kifusi, kuchimba mfereji mdogo wa kuyapitisha maji pembeni, na kuhakikisha choo kiko angalau mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko ni kazi ya siku mbili za Oktoba. Januari kazi hiyo haiwezekani tena.

Katika machimbo kuna la ziada. Nyarugusu, Rwamagasa, Mwakitolyo na kwingineko ambako wachimbaji wadogo hufuata rashi, maelfu ya watu huweza kuhamia mahali pamoja ndani ya wiki chache, kabla ya choo cha kwanza kuchimbwa. Mama lishe huosha vyombo kwa maji yanayopatikana. Na maji yanayopatikana huenda yakawa ya mwalo, mahali ambapo mchanga wa dhahabu huoshwa na zebaki hutumika kukamata chembe. Mvua inapopiga marundo ya marudio, zebaki huteremka kuelekea vijito. Watu wengi waliofundishwa vizuri kwamba maji yachemshwe hawajaambiwa kwamba kuchemsha huua vimelea tu. Zebaki haifi kwa moto, na klorini haiiondoi. Kwa maji ya karibu na mialo hakuna dawa ya nyumbani. Dawa ni kutafuta chanzo kingine, na kununua maji ya kunywa ikibidi. Wala isisahaulike kwamba udongo uliolowa huua moja kwa moja: Januari 2024, katika machimbo ya Ng'alita mkoani Simiyu, zaidi ya wachimbaji 20 walifukiwa wakafa wakati wa mvua. Hilo si suala la vimelea, lakini msimu ni uleule.

Maji na chumvi

Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa taifa la Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi walimiminika India katikati ya masika. Katika kambi ya Bongaon kipindupindu kililipuka na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi, glukosi na magadi katika maji, akayaweka kwenye mapipa, na akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Wataalamu wengi wa wakati huo hawakuamini. Leo mchanganyiko huo, ORS, unapatikana karibu kila duka la dawa la Kahama na Geita.

Unapatikana, lakini bado hautumiwi mapema inavyopasa. Mazoea ni kumsubiri mtoto "azidiwe" ndipo safari ya zahanati ianze. Na katika masika, safari hiyo huenda ikasimama saa nyingi mbele ya korongo lililojaa maji au barabara iliyogeuka tope. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano iwe na pakiti za ORS kabani kabla ya Novemba, pamoja na vidonge vya zinki. Mtoto aanze kunywa kuanzia choo cha kwanza cha majimaji. Akitapika, mama asubiri dakika kumi, kisha aendelee kijiko kwa kijiko. Anyonye na kula kama kawaida. Uji na mtindi havimdhuru. Zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma, kwani hupunguza uwezekano wa kuhara tena katika miezi inayofuata. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi vitasogeza muda hadi msaada upatikane. Dawa za kufunga choo hazifai kwa watoto.

Mtoto asiyeweza kunywa, aliyelegea, mwenye macho yaliyozama, au anayetoa choo chenye damu aondoke mara moja kwenda kituoni, huku akinyweshwa njiani. Vivyo hivyo kwa mtu mzima anayehara maji mengi meupe kama ya kuoshea mchele: hicho ni kipindupindu mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo, na kiongozi wa kijiji apewe taarifa siku hiyohiyo.

Kifua nacho hakisubiri. Usiku wa mvua huzikusanya familia ndani, madirisha yakiwa yamefungwa na moshi wa kuni ukiwa umetanda. Kukohoa peke yake si nimonia. Mzazi amwangalie mtoto akiwa ametulia, na ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya kumpeleka kituoni bila kungoja kesho. Kwa kichanga chini ya miezi 2, kiwango ni 60. Kifua kinachobonyea ndani kwa kila pumzi ni hatari zaidi ya hesabu yoyote.

Wiki ya sita: malaria

Mvua ya kwanza haileti malaria siku hiyo. Mbu jike hutaga mayai kwenye dimbwi jipya, na huchukua takriban wiki moja hadi mbili mbu mpya kuruka. Mbu huyo akimng'ata mtu mwenye vimelea, vimelea hukua ndani yake kwa siku nyingine 10 hadi 14 kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Kisha mtu huyo wa pili hukaa wiki moja hadi mbili, pengine zaidi, ndipo homa ipande. Jumla ni wiki tano au sita. Mvua zikianza katikati ya Novemba, wimbi la msimu hufika kuelekea Krismasi, nalo haliondoki na mvua ya mwisho: Mei na Juni, watu wanapovuna na kudhani masika yamekwisha, wodi za watoto bado zimejaa.

Hesabu hiyo haina maana kwamba homa ya Oktoba haiwezi kuwa malaria. Maambukizi yapo mwaka mzima. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vimelea kwa takriban watoto 16 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Shinyanga, mara mbili ya wastani wa nchi wa asilimia 8. Wengi wa watoto hao hawakuonekana wagonjwa. Hao ndio hifadhi ambayo mbu wa Desemba huchota.

Kwa hiyo Oktoba ni mwezi wa chandarua. Kikaguliwe, kishonwe palipochanika, kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kianikwe kivulini, kwa kuwa jua kali hudhoofisha dawa yake. Mjamzito hupewa chandarua anapoanza kliniki, na mtoto hupewa anapopata chanjo ya surua ya miezi tisa. Asiyepewa ana haki ya kuuliza. Mjamzito anywe pia dozi za SP kila anapopangiwa kliniki, zisizopungua tatu, zikipishana angalau mwezi mmoja. Anayelala shambani kulinda mpunga, na mchimbaji anayelala chini ya turubai, wanahitaji chandarua kuliko aliye nyumbani. Kamba mbili na vijiti vinne hutosha kukitundika. Miongoni mwa wachimbaji wamo vijana waliotoka nyanda za juu zenye baridi, ambao miili yao haijazoea malaria. Homa inayomlaza mwenyeji siku mbili inaweza kumpeleka kijana huyo katika koma.

Majaruba hayawezi kukaushwa. Ni chakula cha watu. Ila mashimo ya dhahabu yaliyotelekezwa ni jambo tofauti. Yanajulikana yalipo, yanahesabika, na hayana mwenye kuyatetea. Yanayoweza kufukiwa yafukiwe, na yaliyobaki yanyunyiziwe kiuatilifu cha kibayolojia cha kuua viluwiluwi, kile kinachotengenezwa Kibaha katika kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Halmashauri yenye machimbo inayonunua dawa hiyo na kuipeleka kwenye mashimo kwanza itapata faida kubwa kuliko inayoinyunyiza kidogo kidogo kila mahali.

Homa ikipanda, kipimo kitangulie dawa. Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi, na zahanati hukitumia hata pasipo umeme. Kikionyesha malaria, dawa mseto (ALu) ina dozi sita katika siku tatu, ya pili ikifuata saa nane baada ya ya kwanza, na inafaa inywewe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Homa hushuka siku ya pili. Hapo ndipo familia nyingi huviweka akiba vidonge vilivyobaki, na vimelea vilivyobaki navyo hujiweka akiba.

Degedege linastahili neno lake. Mtoto anayekakamaa na kugeuza macho huwatisha wazazi kiasi kwamba wengine humtafuta mganga kwanza, wakiamini sindano itamuua. Wanachokiona ni kweli: baadhi ya watoto hao hufa baada ya kufika hospitali. Hufa kwa sababu malaria imeshafika ubongoni na saa nyingi zimepotea. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, na safari ianze wakati huohuo. Bibi atakayetaka kuomba aombe njiani.

Taifodi kidogo

Kanda ya Ziwa ina usemi wa wodini: mtu ana "malaria na taifodi kidogo." Usemi huo umetokana zaidi na kipimo kuliko ugonjwa. Kipimo cha Widal kilibuniwa mwaka 1896. Kinapima askari wa mwili, wala hakimpimi kimelea mwenyewe. Na askari hao hubaki kwenye damu miaka mingi baada ya maambukizi ya zamani, au huamshwa na maradhi mengine. Katika mkoa ambao wengi wamekunywa maji ya lambo utotoni, jibu chanya la Widal moja halithibitishi chochote. Uthibitisho hutokana na kuotesha damu maabara, huduma iliyo katika hospitali kubwa.

Taifodi ya kweli ipo na huweza kutoboa utumbo. Homa inayopanda polepole ikazidi siku tatu, huku kipimo cha malaria kikiwa hasi, inahitaji daktari, si orodha ya dawa kutoka dirishani. Daktari huyo atafikiria na mengine, ikiwemo homa ya Mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022, inayoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine katika maji na tope. Mwenye kulima majaruba au kufanya kazi ya tope na afike kituoni akilitaja hilo bila kuulizwa. Aliyeandikiwa antibiotiki kila masika kwa "taifodi kidogo" ajue kwamba anaidhoofisha dawa atakayoihitaji siku ya taifodi kubwa.

Miezi mingi baadaye: lambo

Kuanzia 1947, chini ya mpango wa maendeleo ya Usukuma, serikali ya kikoloni ilijenga malambo mengi ili ng'ombe wapate maji. Malambo hayo, na mengine yaliyochimbwa baadaye, yaliokoa mifugo. Pia yaliwapa makazi konokono wa kichocho. Konokono mmoja wa Shinyanga ana ustadi wa pekee. Dimbwi likikauka hujizika kwenye tope na kulala miezi yote ya kiangazi; mvua ikirudi, huamka. Mtoto aliyekojoa majini Desemba huwapa konokono vimelea, na baada ya wiki kadhaa konokono hutoa viluwiluwi vinavyopenya ngozi ya yeyote aliye majini, hasa jua linapokuwa kali mchana. Damu kwenye mkojo huonekana miezi michache baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka siku ya kuogelea.

Kuchota na kufua mapema asubuhi hupunguza hatari, ila hakuiondoi. Maji ya kuoga yakikaa siku mbili kwenye chombo kisicho na konokono, viluwiluwi hufa. Mwenye kulima majaruba avae buti akiweza. Mtoto ameze prazikwanteli siku timu inapofika shuleni, akiwa ameshakula; na mtoto asiyesoma apelekwe siku hiyo hiyo, maana mara nyingi ndiye anayechunga ng'ombe lamboni.

Kwa wasichana madhara hujificha zaidi. Mayai ya kichocho hunasa kwenye shingo ya kizazi na uke, yakaleta maumivu, kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, na wakati mwingine ugumba. Mwanamke wa miaka 25 hutibiwa magonjwa ya zinaa mara mbili, mara tatu, nyumba ikaingia shaka na ndoa ikayumba, ilhali hakuna aliyemuuliza alichota wapi maji alipokuwa msichana.